Muulize Fundi: Sensa imefungwa kwenye fremu, Dominar inakunywa mafuta

*Fundi, habari za kazi. Naishi Lanet, Nakuru, na nina pikipiki ya Dominar 400 niliyoinunua ikiwa imetumika. Sailensa yake ya kiwandani ilikuwa kimya mno, unapita na hakuna anayegeuka. Jamaa wa gereji mmoja akanikatia bomba kuanzia chini ya injini, akachomelea bomba nene zaidi na sailensa fupi iliyo wazi. Sauti ni tamu, siwezi kukudanganya. Lakini sensa ya ekzosi ilikosa pa kukaa, akaifunga kwenye fremu kwa kamba ya plastiki akasema haina kazi. Sasa taa ya injini imewaka na haizimi. Mafuta yanaisha upesi. Nikiachilia akseleta inapiga risasi, paa-paa-paa, mpaka mbwa wa mtaa wamenijua. Plagi nimeitoa, ni nyeusi tii. Kupanda kutoka Njoro kwenda Mau Narok haivuti kama zamani. Ajabu ni kwamba nilipokwenda Kisumu kwa harusi ilivuta vizuri sana huko, na yule jamaa akaniambia, umeona, ekzosi imefungua injini. Je, ni lazima nirudishe ile ya kimya? – Mpenda Sauti, Lanet*

Mpenda Sauti, tuanze na hiyo sensa, maana karibu kila ulilolalamikia linatoka hapo.

Kompyuta ya pikipiki haioni petroli wala moshi, inaambiwa tu. Sensa moja inaiambia umefungua akseleta kiasi gani, nyingine inaiambia shinikizo la hewa inayoingia, nyingine joto la injini. Kompyuta inalinganisha hayo na jedwali lililowekwa kiwandani, kisha inaamua injekta, kile kifaa kinachopuliza petroli, ikae wazi kwa muda gani. Mafuta yakishaungua, sensa ya ekzosi ndiyo inayorudisha habari: yalizidi au yalipungua. Inajua kwa kupima oksijeni iliyosalia kwenye moshi. Petroli inahitaji hewa gramu 14.7 kwa kila gramu moja ili iungue yote bila kubakiza kitu. Oksijeni ikibaki nyingi, sensa hutoa umeme kidogo, karibu voti 0.1. Ikiisha, hupanda hadi karibu 0.9. Unapotembea kwa mwendo wa kawaida, kompyuta inaifuata voti hiyo, inaongeza hapa, inapunguza pale.

Sasa ya kwako inanusa upepo wa Lanet. Hesabu nyaya zake. Zikiwa nne, ina hita yake ndani, kwa hiyo inapata moto hata ikiwa nje ya bomba, na inasema kweli kabisa: hapa kuna oksijeni tele. Kompyuta inaelewa kuwa mafuta ni machache, inaongeza. Sensa inasema bado. Kompyuta inaongeza tena, mpaka inafika mwisho wa kiasi ilichoruhusiwa, kisha inawasha taa. Ikiwa sensa ina waya mmoja, haina hita, imekaa baridi na haisemi lolote. Hapo kompyuta inarudi kwenye jedwali lake bila wa kuisahihisha, na majedwali hayo kwa kawaida huegemea upande wa kuzidisha mafuta ili injini isichemke. Njia zote mbili zinakupeleka petroli stesheni. Hiyo plagi nyeusi tii ndiyo ushahidi. Ingekuwa nyeupe kama chaki, ningesema una shida ya kupungukiwa, na jibu langu lingekuwa jingine.

Kabla ya jambo lolote, nusa oili. Vuta kijiti au fungua kifuniko, pikipiki ikiwa imepoa. Ikinuka petroli, basi mafuta yanayozidi yameosha kuta za silinda na kushuka chini kwenye oili. Imwage hata kama uliibadilisha juzi, lakini baada ya kurekebisha sensa, si kabla, la sivyo utamwaga mara mbili.

Kuhusu zile risasi: petroli ambayo haikuungua inatoka na kuingia kwenye bomba la moto. Ukifunga akseleta ghafla, bomba linavuta hewa ya nje kupitia tundu lolote lililopo kwenye maungio. Petroli, hewa na joto vikikutana ndani ya bomba, paa. Sailensa ya wazi hupiga kidogo hata ikiwa nzima, na wengine wanaipenda hivyo. Lakini ya kuamsha mbwa ina mvujo, nina hakika karibu yote, na naanza kushuku pale bomba linaposhikana na hedi, yaani kichwa cha injini, au pale jamaa alipochomelea. Jipimie mwenyewe. Injini ikiwa baridi kabisa, iwashe, chukua kitambaa kinene kilicholowa maji, kizibe mdomo wa sailensa kwa sekunde mbili tatu, halafu sikiliza. Palipovuja patatoa fs-fs-fs, na ukipaka maji ya sabuni utaona mapovu. Nasema kitambaa kinene kwa sababu kijana wangu wa gereji hapa Kibuye, Kisumu, aliwahi kutumia soksi. Usipime hivi pikipiki ikiwa imetoka safari. Ukikuta masizi meusi yametandaa pembeni ya maungio, hata kitambaa huhitaji.

Na mvujo huo una ubaya mwingine ambao mafundi wengi wa ekzosi hawautaji. Ukiwa kabla ya sensa, hata uirudishe sensa mahali pake itaendelea kudanganywa, kwa kuwa hewa ya nje inaingia na kuifikia. Utasema sensa imekufa, utanunua nyingine, na hiyo nayo itasema vilevile.

Twende Kisumu sasa. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na huko shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Injini isiyo na tabo, yaani feni ya kuisukumia hewa, inapata hewa kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo zile nguvu za farasi 40 zilizoandikwa kwa Dominar za kuanzia 2019 zimekuwa kama 32 kabla hujatoka getini. Ukipanda Mau Narok unapoteza zaidi. Kisumu iko kama mita 1,130, unarudishiwa sehemu. Ulipita Mau Summit na Kericho, ukateremka mpaka Ahero, ukafika kwenye hewa nzito ya ziwa, injini ikashiba. Pikipiki yoyote ingefanya hivyo, hata ya sailensa ya kimya. Wewe ukaisifu ekzosi, na jamaa yako akapokea sifa.

Ndiyo maana nina wasiwasi na kila anayekuambia ekzosi “inafungua injini”. Kwenye silinda moja ya sentimita za ujazo 373, sailensa nzuri ya kubadilisha mkia tu inaweza kukupa farasi moja au mbili juu kabisa kwenye mzunguko mkali, na kukupunguzia kilo chache. Hiyo ndiyo faida halisi. Bomba nene lililokatwa bila kupimwa linaweza kukunyang'anya pale chini unapotumia kila siku. Vali ya kutolea moshi inapofunguka, wimbi la shinikizo linakimbia ndani ya bomba, linafika mahali bomba linapopanuka, linarudi kama mvuto. Urefu na upana wa bomba vikiwa sawa, mvuto huo unarudi wakati vali za kuingizia hewa na za kutolea moshi zote ziko wazi kidogo na unasaidia kunyonya hewa mpya. Wahandisi walipima hilo bomba kwa mizunguko unayotumia wewe kila siku. Jamaa yako alipima kwa jicho. Watu husema injini “inahitaji kubanwa nyuma ili ivute”. Hapana, kubanwa hakujawahi kuongezea injini nguvu. Inachohitaji ni wimbi lirudi kwa wakati. Kwa hiyo kule Mau Narok umepigwa mara tatu: hewa nyepesi, mafuta yaliyozidi, na wimbi linalorudi muda usiofaa.

Sasa ufanye nini. Ningekuwa wewe ningetafuta bomba la mbele la kiwandani, hata lililotumika, lenye tundu lake la sensa na kile kichujio cha gesi ndani kinachosafisha moshi. Kama jamaa bado analo lile alilokata na hajaliuza, lidai leo. Kichujio hicho kina platini, paladi na rodi, kuna watu wanazunguka wakivinunua, na si kwa ajili ya mapambo. Lirudishe pamoja na ringi mpya ya shaba pale kwenye hedi. Ile ya zamani imeshabanwa ikachukua umbo, haizibi tena. Kaza nati mbili kwa zamu, kidogo kidogo, huku na huku, washa mpaka ipate moto, iache ipoe, kaza tena. Usipake silikoni ya gasketi karibu na sensa. Najua kila fundi ana tyubu yake mfukoni, lakini mvuke wa silikoni unaiua sensa, na ikifa hivyo haisafishiki.

Bomba la kiwandani likikosekana kabisa, basi fundi wa kuchomelea akuwekee boshi ya sensa, yaani kikalio chake chenye uzi wa skrubu, kwenye hilo ulilo nalo, karibu na hedi kama ilivyokuwa, kabla ya kichujio chochote, na sensa ielekee juu kidogo isilale kimlalo, ili maji ya asubuhi yasijikusanye kwenye ncha yake. Apime uzi wa skrubu wa sensa kwanza. Kuna za milimita 18 na kuna ndogo za 12, na wapo wanaolazimisha. Kwenye uzi weka grisi ya shaba, kwenye ncha usiweke kitu. Na bomba litolewe kwenye pikipiki kabla ya kuchomelewa. Akisisitiza kuchomelea likiwa limefungwa, aondoe betri na achomoe soketi ya kompyuta. Kompyuta ya pikipiki ikiungua kwa moto wa welda, utatamani shida ya mbwa.

Baada ya hapo mpelekee fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu, afute kosa lililoandikwa, na aangalie voti ya sensa injini ikiwa imepata moto. Ikipanda na kushuka bila kutulia, iko hai. Ikisimama mahali pamoja, haiko. Weka plagi mpya, maana hiyo nyeusi itakuchanganya ukija kuisoma tena.

Swali lako la mwisho: si lazima urudishe kimya. Acha bomba la mbele, sensa na kichujio vyote vikae, badilisha mkia tu kwa sailensa iliyotengenezewa pikipiki hiyo, yenye kile kipande cha kupunguza kelele kinachoshikwa na skrubu moja nyuma. Kwa mabadiliko ya kiasi hicho, kompyuta hujirekebisha yenyewe unapotembea, na ukifungua akseleta yote jedwali la kiwandani kwa kawaida lina mafuta ya akiba. Utapata sauti nzito, ya chini, si ile ya kupasuka. Ukitaka kubadilisha bomba zima pamoja na chujio la hewa, hapo ndipo unahitaji kompyuta iandikwe upya au uongezewe kisanduku cha kurekebisha mafuta, na anayeifanya awe na kipimo cha moshi mkononi. Akisema ataisikiliza kwa sikio, mshukuru uondoke.

Msomaji mwenzako atakuambia kelele inaokoa maisha, madereva wakusikie. Sauti ya sailensa inaelekea nyuma, na dereva wa lori aliye mbele yako pale Ahero amefunga dirisha na amefungulia redio. Anayekusikia vizuri ni yule ambaye umeshampita. Washa taa, vaa rifleksta.

*Fundi, mimi ni wa bodaboda, Mumias. Boxer yangu ni ya kabureta. Nimetoboa sailensa matundu matano kwa drili, inanguruma vizuri lakini imekuwa ya moto sana na plagi imekuwa nyeupe. Hiyo sensa mnayozungumzia iko wapi kwangu? – Wa Steji*

Huna. Kabureta haiulizi mtu, inamwaga kulingana na jeti iliyowekwa, kile kitundu cha kupitishia petroli, kwa hiyo wewe una shida ya kinyume cha mwenzako wa Lanet: hewa inapita kwa urahisi zaidi na mafuta ni yaleyale. Plagi nyeupe na joto jingi maana yake mchanganyiko umekuwa mwepesi, na pistoni haiwezi kuvumilia hivyo ukiwa na abiria wawili na gunia la sukari. Ungeweza kuweka jeti kubwa zaidi kwa namba moja. Lakini kwa matundu matano ya drili sikushauri, kwa kuwa ukishaweka jeti kubwa utanunua petroli zaidi kila siku kwa ajili ya kunguruma, na wewe pikipiki ni duka lako. Peleka sailensa ikazibwe, halafu angalia plagi baada ya siku chache za kazi. Inatakiwa iwe rangi ya kahawia, kama chai ya maziwa.

*Kaka fundi, mimi ni muuguzi, nafanya zamu za usiku na nalala mchana hapa Migosi, Kisumu. Kuna pikipiki tatu kwenye steji yetu ambazo zikiwashwa madirisha yanatetemeka. Nikiwauliza wanasema ziliharibika hivyo zenyewe. Kweli sailensa inaweza kuharibika mpaka ikalia vile? Na sheria inasemaje, au navumilia tu? – Dada wa Migosi*

Dada, pole na zamu. Sailensa inaharibika kweli: inaoza kwa ndani na maji ya moshi, pamba na mabati yanaliwa, kelele inaongezeka. Lakini hilo huja polepole, kwa miezi, na sauti yake huwa ya kukwaruza na kutikisika mabati. Tatu kwenye steji moja zikianza kulia kwa pamoja, hizo zimefunguliwa kwa grinda. Ukipata nafasi, tazama mkia wa sailensa. Ukiona alama mpya ya kuchomelea mviringo, walikata, wakatoa vya ndani, wakafunga tena. Najua kwa kuwa wanakuja hapa kuomba kazi hiyohiyo, na baada ya mwezi baadhi wanarudi kuniomba niwarudishie vya ndani, abiria wa kina mama wamewakimbia.

Sheria ipo. Kanuni za trafiki zinataka kila chombo cha injini kiwe na sailensa inayofanya kazi, na hilo ni la polisi wa trafiki. Kisha kuna kanuni za kelele za mwaka 2009 zilizo chini ya sheria ya mazingira, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira. Kwa mtaa wa makazi zinaruhusu desibeli 50 nje ya nyumba mchana na 35 usiku, na usiku huo unahesabiwa kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo hata mchana unapolala wewe, mtaa una kikomo.

Desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Zikiongezeka 10, nguvu ya sauti imezidishwa mara kumi, na sikio linasikia kama imekuwa maradufu. Wataalamu wa afya kazini wanaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa nane. Kila zikiongezeka tatu, muda unagawanywa kwa mbili, hivyo 88 ni saa nne, na ukifika 100 umebakiwa na dakika kumi na tano. Wewe ni muuguzi, haya unayajua. Nayaandika kwa ajili ya hao vijana watatu, kwani anayekaa karibu zaidi na hiyo sailensa kutwa nzima ni mwendeshaji mwenyewe, na wengi hawavai helmeti ya kuziba masikio.

Ningeanza na mwenyekiti wa steji kabla ya polisi. Steji nyingi zina kanuni zake na faini zake, na mwenyekiti akisema pikipiki haipaki hapa ikiwa inapasua masikio, inasikilizwa kuliko barua. Mwambie unafanya kazi usiku hospitalini. Kuna uwezekano mkubwa umewahi kumhudumia mama wa mmoja wao. Asipofanya kitu, chukua namba za pikipiki na saa zinapowashwa, uzipeleke kituo cha polisi na ofisi ya NEMA ya kaunti, kwa maandishi, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Na kama vijana hao wako tayari lakini wanaogopa gharama, waambie vile vya ndani vinaweza kutengenezwa upya kwa bomba lenye matundu na pamba ya glasi, havihitaji sailensa mpya. Waje asubuhi, ikiwa imepoa.